Mche wa asumini kutoka Malindi: miezi 14 baadaye hapa Lamu

Asalaam aleikum jamani. Mwaka jana kuna walioniuliza zile asumini nilizobeba kutoka Malindi zimefika salama au zimekufa njiani, nikasema sitaandika kitu mpaka zione kaskazi, masika, kusi na vuli, maana mche wowote siku ya kununua ni mzuri, wewe ngoja mche ule udongo wako na unywe maji yako ndo utaujua. Sasa imetimia miezi 14 kwa hiyo nimekaa chini niandike yote, mazuri na yaliyoniudhi.

Nilinunua miche miwili, shilingi 350 mmoja, kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara pale Malindi upande wa kutokea kwenda Garsen. Mmoja ni ile asumini ya kawaida yenye ua jepesi la safu chache, mwingine ni ile ua lake limejikunja tabaka kwa tabaka kama waridi dogo.

Kwanza niwaambie kwa nini nilihangaika hivyo. Mimi nimezaliwa Langoni, mtaa wa hapa Lamu, na kwetu mwasumini ulikuwa kwenye kiwanda cha nyumba, yaani ule uwanja mdogo wa ndani ulio wazi juu, karibu na kisima. Mama akishaswali alasiri anachukua kisahani anachuma matumba, sio maua, matumba, yale meupe yaliyovimba lakini bado yamefumba. Anakaa kwenye mkeka anayatunga kwa sindano na uzi, kabla ya magharibi amemaliza. Ikifika isha yote yamefunguka, na ile harufu inapanda ngazi mpaka tulikolala sisi watoto. Nilikuwa nadhani ni baraka ya mkono wa mama peke yake, kumbe na ua lenyewe ndo tabia yake, asumini hufunguka jua linapozama na hutoa harufu usiku, asubuhi limeshachoka, linaingia wekundu kwa mbali kisha linadondoka. Ni ua la usiku mmoja tu. Ndo maana mimi nasema asumini ya kununua sokoni sio sawa na asumini ya nyumbani, ukinunua saa nne asubuhi ushapitwa, ile saa yake yenyewe, kati ya alasiri na isha, inataka mti uwe ndani ya nyumba na wewe uwepo.

Mama alifariki miaka sita iliyopita na ule mti ulikatwa tulipojenga upande wa nyuma. Nilijuta sana. Nikajua nimekata nini siku binti yangu alipoolewa tukawa tunatafuta asumini za vikuba nyumba hadi nyumba. Kwa wasiojua, kikuba ni matumba ya asumini na vipande vya mkadi, ua jingine lenye harufu, na majani ya mrehani yanafungwa pamoja, mwanamke anabandika kifuani au kwenye nywele, na bibi harusi wa kwetu hatoki ndani bila kikuba. Wageni wanaona ni pambo. Sisi tunajua kikuba ni dua. Wale kina mama wanaokitunga wanakitunga na sala ya mtume midomoni, wanamuombea yule mtoto nyumba yenye harufu njema maana yake nyumba isiyo na maneno mabaya. Siku ile tulipata asumini za kujaza viganja viwili tu na nilijisikia kama nimemnyima mwanangu haki yake.

Na hii ya manukato sio mila tupu. Ukisoma Suratul Rahman aya ya 12 Mwenyezi Mungu anapohesabu neema zake za ardhini anataja nafaka halafu anataja rehani, na kwenye Sahihi Muslim kuna hadithi kwamba mtu akipewa rehani asiikatae kwa sababu ni nyepesi kubeba na ina harufu nzuri. Maulamaa wameeleza kwamba rehani hapo ni kila mmea wenye harufu nzuri, haikuishia kwenye mrehani wetu huu. Mama alikuwa anaishika hiyo hadithi kwa vitendo, mtoto wa jirani akija hatoki mikono mitupu, anapewa hata tumba moja. Na Mfunguo Sita ukiingia, watu wanapofika kutoka kila pembe ya pwani kwa ajili ya Maulidi pale msikiti wa Riyadha, nyumba yetu ilikuwa ikitoa asumini na ubani kama wengine wanavyotoa sahani za pilau.

Wala sio sisi peke yetu. Asili ya mti huu ni huko Bara Hindi, Wahindi wanauita mogra na wanaupeleka mahekaluni na kuuvaa kwenye nywele. Ufilipino wanauita sampaguita, ndo ua lao la taifa tangu 1934, wanatunga makoja wanawavisha masanamu ya watakatifu makanisani. Indonesia bibi harusi wa Kijava hufunikwa kichwa kizima na makoja yake, na hao wengi wao ni Waislamu wenzetu. Wachina wanalaza maua yake pamoja na majani ya chai usiku kucha ili chai ishike harufu. Dini tofauti, bahari tofauti, na wote wamefikia kusema ua hili ni usafi wa moyo. Mi nadhani ni ule weupe wake pamoja na kwamba linajitoa gizani, halingoji kuonekana.

Haya turudi kwenye miche.

Kabla ya hii nilishadhulumiwa mara moja, sitataja ni wapi. Niliuziwa mche nikaambiwa ni asumini, majani yanang'aa, maua meupe yamejikunja vizuri, nikalipa nikafurahi. Usiku nikanusa, hakuna kitu. Siku ya tatu nikachuma jani likatoa maziwa meupe mkononi. Mwasumini hautoi maziwa! Shikeni hilo, ukienda kununua omba ruhusa ukate kijani kimoja pale kwenye kikonyo, ukiona utomvu mweupe rudisha, huo ni mti mwingine kabisa hata kama mwenye kitalu anauita jasmini. Na kuna mwingine wenye vijani vidogo vidogo vingi kwenye kijiti kimoja na unazaa vitunda vyekundu, ua lake lina harufu kama ya mchungwa, mzuri kwa kupanda ukuta wa uani lakini nao sio asumini. Halafu kuna ule wanaouita malkia wa usiku, harufu yake kali inafika mtaa wa pili, huo vitunda vyake vina sumu, mwenye wajukuu asiuweke. Asumini yenyewe jani lake ni moja moja, la duara lililochongoka kidogo, linang'aa, yanakaa mawili mawili yakitazamana na mara nyingine matatu, na ua unaliona kama nyota yenye mrija mfupi.

Kwa hiyo nilipofika kile kitalu cha Malindi nilikuwa na hasira ya zamani. Sehemu kubwa wamepanga maboganvilia ya kila rangi, ndo yanayonunuliwa na mahoteli na wenye nyumba za kifahari za ufukweni. Kijana aliyekuwa anamwagilia akanikaribisha, "Karibu mama, unatafuta nini?" Nikamwambia mwanangu nataka asumini ya kutunga vikuba, sio ya kupamba bustani. Akaweka mpira chini. Akanipeleka nyuma kabisa chini ya wavu wa kivuli na akaniambia, "Mama, za mbele zile ni ndefu lakini zimekaa kwenye mfuko muda mrefu mizizi imejizungusha, chukua hizi fupi zenye matawi matatu." Angeweza kuniuzia zile ndefu, zilikuwa 600. Nikamuomba kukata jani akakata mwenyewe akanionyesha, kavu, hakuna maziwa. Hiyo ndo huduma. Nikalipa kwa M-Pesa, akanifungia kila mche kwenye gazeti lenye maji na mfuko juu, na akanitafutia tuktuk mpaka stendi.

Safari sitairefusha, wenye kuijua wanaijua, Garsen, Witu, Hindi, mpaka Mokowe. Basi nililopanda walitaka kuitupa kwenye buti chini ya magunia nikakataa nikaipakata njia nzima. Mokowe nikapanda mtaboti, yaani boti la injini la kuvukia Lamu, nikaifunika na leso kwa sababu maji ya chumvi yakirukia majani machanga yanaungua. Nilipofika majani manne tu yalikuwa yameanguka.

Sasa hapa ndo pana mambo kwa sisi watu wa Lamu, someni vizuri.

Nyumba zetu za mawe kuta ni ndefu, kiwanda kinapata jua saa mbili tatu tu kwa siku, na mwasumini unataka jua la kutosha, kama masaa sita hivi kwa siku, ndo utoe matumba. Ukiwa kivulini utakupa majani mazuri ya kijani na matawi marefu yanayotambaa kutafuta mwanga na maua mawili kwa mwezi. Mi nilianza kiwandani kwa ajili ya kumbukumbu ya mama, miezi mitatu hakuna tumba hata moja, nikapandisha vyungu juu darini pembeni mwa makuti. Lakini juu nako kuna upepo wa kusi na chumvi yake, ikabidi nivikinge kwa jamvi upande wa baharini. Tangu hapo ukaanza.

Jambo la pili ni njano. Mwezi wa nne majani machanga yakawa njano lakini mishipa imebaki kijani, nikadhani ni njaa ya maji nikazidisha kumwagilia, ikazidi. Kumbe ni chokaa. Udongo nilioujazia vyungu niliuchota pale tulipobomoa ukuta, umejaa vumbi la matumbawe na chokaa, na udongo wa namna hiyo unafunga chuma kisifike kwenye mti hata kama kimo ndani. Mwasumini unapenda udongo wenye uchachu kidogo na unaopitisha maji. Nikatoa wote, nikaweka udongo mwekundu niliouagiza kutoka bara, mchanga kidogo, na samadi ya punda iliyooza kabisa, miezi sita imekaa, sio mbichi jamani, mbichi inaunguza mizizi. Punda tunao na samadi yao iko kila kichochoro, hiyo ni hazina tunaipita kila siku. Nikaongeza ile mbolea ya chuma ya kupulizia kutoka agroveti mara mbili. Wiki tano majani mapya yakatoka kijani.

Maji nayo. Kisima chetu kina chumvi, na ncha za majani zilikuwa zinakauka rangi ya kahawia kama zimechomwa na kiberiti. Sasa nakinga ya mvua kwenye pipa, na yakiisha natumia ya bomba. Usimwagilie kila siku kwa mazoea, tia kidole udongoni, juu pakiwa pamekauka ndo umpe mpaka yatoke chini ya chungu, yale yanayotoka yanaondoka na chumvi. Kile kitalu waliniambia nimwagilie asubuhi na jioni kila siku, na hapa ndo nawatoa alama, labda kwenye vimifuko vyao vidogo ni sawa lakini kwenye chungu kikubwa mizizi ingeoza.

La tatu ni kukata. Hili lilinipa woga kweli kweli kwa sababu mti wa kwanza nilishaukata nikajuta, mkono ulikuwa unatetemeka. Lakini asumini huchanua kwenye vitawi vipya, usipokata utabaki na mti mrefu wenye maua kwenye ncha tu. Kila wimbi la maua likiisha napunguza matawi kama theluthi moja, halafu wiki chache baadaye kila jicho linatoa vitawi viwili na kila kitawi mwishoni kina kishada cha matumba matatu au zaidi. Baada ya mvua za vuli mwaka jana nilichuma matumba 73 jioni moja kutoka kwa ile ya kawaida. Nilihesabu mara mbili. Nikatunga koja nikaliweka juu ya mswala wa mama ambao bado ninao, nikaswali isha, na sikuweza kuendelea kuandika hapa bila kuwaambia kwamba nililia.

Ile ya tabaka tabaka ni tofauti, na tuwe wakweli, kwa vikuba sio nzuri sana. Wazungu wanaiita Grand Duke of Tuscany. Inakua polepole, imesimama ngumu haitambai, ua lake zito na harufu nzito, linapendeza kwenye kibakuli cha maji kando ya kitanda lakini ukilitunga uzi unakatika na halifunguki kwa mpigo kama zile nyepesi. Kwa miezi 14 imenipa maua kama 20 tu. Mwenye nafasi ya chungu kimoja achukue ya kawaida. Sikuambiwa hivyo siku ya kununua na sidhani kijana alijua, yeye alisema zote ni asumini.

Wadudu nilipata wale weupe kama pamba wanaokaa kwapani mwa majani, hasa miezi ya joto. Nawafuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kila Ijumaa asubuhi, wanaisha.

Malalamiko mengine kwa kitalu: mifuko yao ni midogo mno, mmoja mizizi ilikuwa imeshatoka chini na nilipoutoa ilikatika. Hakuna kibao chochote cha jina la mmea, yaani ukimkuta mwingine asiyekuwa yule kijana unaweza kuondoka na kitu kingine kabisa. Na hawapakii oda za Lamu, nilipiga simu kuuliza kwa niaba ya shangazi yangu wakasema lazima mtu aje mwenyewe au atume dereva anayemwamini. Kwa bei ya 350 na uaminifu ule wa kunikataza miche ya 600 bado nawapa nyota nne, na mche wenyewe wa asumini ya kawaida nampa tano. Ile ya kujikunja tatu.

Wanaotaka kwenda, nendeni mwanzo wa masika au vuli ili mche ukifika ukutane na mvua, na mrudi na basi la asubuhi mfike Mokowe kabla giza halijaingia. Bebeni ndoo yenye mfuniko wa wazi mche usimame ndani, mi nilipakata saa zote zile na nyonga iliniuma siku mbili.

Kitu kimoja nilikuja kukijua baadaye na kimenikaa moyoni. Asumini hii kwa kawaida haizai mbegu, ni nadra mno. Inaendelezwa kwa kukata kijiti tu na kukichomeka au kulaza tawi udongoni litoe mizizi. Maana yake ule wa mama, na wa bibi yake mama, na huu wangu, na ule ulioko kwenye ua wa mtu Mombasa, kila mmoja ni kijiti kilichotoka mkononi mwa mtu aliyekata akampa mwenzake, nyuma huko mpaka ng'ambo ya bahari. Hakuna uliojiotea wenyewe kwa bahati. Nilipolijua hilo nilikwenda kwa jirani yetu mzee ambaye mama aliwahi kumpa kijiti zamani, nikamuuliza. Akaniambia, "Mwanangu, wangu ulikufa mwaka wa ukame, lakini nilishampa dada yangu Matondoni." Kwa hiyo ule wa mama pengine bado uko hai upande wa pili wa kisiwa na Inshallah nitakwenda kuutazama.

Ukitaka kupandikiza kata kijiti kisicho kichanga sana wala kikavu, urefu wa kama kidole cha kati na nusu yake, chenye macho matatu manne, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, funika na chupa ya plastiki iliyokatwa, weka kivulini. Wiki nne mpaka sita. Mi nilichomeka vitano mwezi wa pili, viwili vimekauka, vitatu vimeshika. Kimoja ni cha binti yangu Mombasa, amenitumia meseji kila wiki anauliza. Kimoja cha jirani aliyekuwa ananikingia maji ya mvua nilipokuwa safarini. Cha tatu bado kiko darini, nikirudi kutoka Matondoni nitajua ni cha nani.